Darasa la tatu, watoto 121, mwalimu mmoja: huu umahiri naupimaje?

Mama_Chaki

Habari za jioni walimu wenzangu, na wazazi mliomo humu.

Nieleze kwanza, halafu niulize. Niko shule ya msingi ya serikali mkoani Simiyu, ndani kidogo ukishaacha lami. Mimi mwenyewe ni Mpare wa Same. Nilipangiwa huku mwaka 2015 sijui hata kuitikia "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, leo naitikia na umbea nausikia. Walimu tuko 9, mwalimu mkuu akiwemo, wanafunzi 870 na ushee. Nina Hisabati na Sayansi darasa la tatu, Hisabati la nne na la tano, tena ni mwalimu wa afya, yaani funguo za vyoo ziko mfukoni mwangu.

La tatu ni mkondo mmoja, watoto 121. Madawati 29. Wakikaa wanne wanne wanafika 116, watano wanabaki sakafuni mbele karibu na ubao. Hao nawabadilisha kila Jumatatu, maana kuna mama alikuja kuniuliza kwa nini sketi ya mwanawe inatoboka nyuma kuliko za wenzake. Kipindi ni dakika 40. Ukizigawa kwa 121 unapata kama sekunde 20 kwa mtoto, na hapo sijafuta ubao.

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024, la tatu tulikuwa wa mwanzo kuingia pamoja na awali na la kwanza. La nne mwaka ule walibaki na mtaala wa zamani. Basi saa mbili naandaa kwa muhtasari mpya, saa nne nafungua wa zamani, na siku moja nilisimama mbele ya la nne na andalio la la tatu mkononi hadi mtoto akaniambia "Madamu, hiyo tulishasoma." Mafunzo niliyopata mimi yalikuwa siku tatu. Ya kwanza tulijaza fomu na kusikiliza hotuba, ya pili ndiyo tukaelezwa umahiri mkuu, umahiri mahususi na shughuli za ujifunzaji, ya tatu ilikuwa nusu siku kwa sababu wengine tulitoka mbali na gari la mwisho ni saa nane.

Mtaala wenyewe naupenda, nisieleweke vibaya. Unataka mtoto atende badala ya kukariri. Hata ule wa 2005 ulisema hivyo hivyo. Kinachonishinda ni huko kutenda kwa mikono 242.

Niwape siku moja tu mnielewe. Tulikuwa kwenye vipimo vya ujazo. Shule yetu haina bomba, kila mtoto anakuja na kidumu cha maji asubuhi: ya uji, ya vyoo, ya miche. Nikasema leo zana zimejileta zenyewe. Siku ya mnada nilikuwa nimeokota chupa tupu za nusu lita, nikazisugua kwa majivu. Nikawatoa nje chini ya mwarobaini, vikundi 12, kila kikundi chupa moja na kidumu kimoja. Swali langu: kidumu hiki kinajaza chupa ngapi?

Kuna mtoto wa dawati la nyuma kabisa ambaye tangu Januari sikuwahi kusikia sauti yake. Nyumbani kwao ni Kisukuma tu. Alikuwa ndiye anayemimina. Kidumu chao kilikuwa cha mafuta ya kula, kimeandikwa lita 5. Chupa ya tisa, ya kumi, akakitikisa kidumu, maji bado yanalia ndani. Akamimina tena. Akanitazama, akasema jambo kwa Kisukuma, wenzake wakaangua kicheko. Nikauliza kasema nini. "Madamu, anasema kidumu kinadanganya."

Na kweli kinadanganya! Kimejazwa hadi shingoni, kimezidi ile lita 5 iliyoandikwa. Mtoto wa miaka tisa amekutana na kipimo na makadirio mwenyewe, bila mimi. Nikachuchumaa pale kwenye tope nimuulize imezidi kiasi gani, atajuaje.

Ndipo mgeni akatokea. Mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule. Akauliza andalio la somo. Liko ofisini, nikasema. Akauliza zana. Nikamwonyesha chupa. Akauliza bango liko wapi. Akaingia darasani kutazama kuta. Alipoondoka aliacha maandishi: darasa halina utulivu, mwalimu hana zana za kutosha. Wakati huo huo maji ya uji nusu yameshamwagika chini ya mwarobaini, watoto wa awali wamekunywa uji saa tano, na mwalimu wa awali hakunisemesha siku mbili. Yeye simlaumu.

Tangu siku hiyo nimerudi ubaoni. Naandika, wanakopi. Andalio langu liko safi, bango ninalo, manila na maki peni nimenunua kwa hela yangu. Yule mtoto karudi kimya.

Sasa naomba msaada wa kweli. Huu upimaji endelevu mnaufanyaje kwa darasa kama langu bila kudanganya kwenye rekodi? Na hizi Jumuiya za Kujifunza za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, kuna aliyesaidika nazo? Kwetu ni Jumatano saa tisa: mmoja anasoma moduli kwa sauti, wengine tunasahihisha madaftari chini ya meza, mwisho tunasaini mahudhurio.

Ngosha_wa_Choroko

Madamu acha hiyo kazi ukalime choroko. Choroko haina mthibiti.

Mama_Chaki

Nimelima msimu uliopita kaka. Wadudu ndio wathibiti, na wenyewe hawaandiki ripoti, wanakula tu.

Bi_Zamu

Mdogo wangu pole. Mimi ni mwalimu mkuu Dar, upande wa Mbagala. Hiyo 121 yako huku tunaita nafuu: mkondo wa la tatu mmoja una 167, mikondo mitatu, zamu mbili, asubuhi na mchana. Sikuambii hivi tushindane kwa shida. Nakuambia ujue nililokuandikia hapa limejaribiwa.

Kwanza acha kusahihisha darasa zima kila siku. Hakuna anayefanya. Anayesema anafanya anapiga tiki bila kusoma, nami nimekagua madaftari nikakuta "8 × 7 = 15" imepewa vema na saini. Sahihisha kwa safu. Jumatatu safu ya dirishani, Jumanne inayofuata, hadi umalize. Ukichukua safu moja, soma kweli, andika neno moja chini, mwite mtoto kama kuna jambo. Wengine siku hiyo majibu yaandikwe ubaoni, wajisahihishe kwa penseli. Watadanganya kidogo. Waache, zamu yao ikifika utawakamata.

Pili, rekodi ya umahiri. Bandika majina yote nyuma ya mlango wa kabati. Kila siku chagua majina 10, hao ndio unaowatazama wakifanya kazi. Usiwaambie. Aliyeweza mwenyewe weka msalaba, aliyeweza kwa kusaidiwa weka mstari mmoja, ambaye bado acha nukta. Kumi tu. Kwa darasa lako siku 13 za shule umewamaliza wote na hujadanganya mtu.

Tatu, usitoe 121 nje mara moja, mama! Toa nusu. Nusu nyingine iache ndani na zoezi refu, na mtoto wa la sita mkorofi asimamie. Nasema mkorofi makusudi. Yule mpole hawamsikilizi.

Na hela usitoe mfukoni kimya kimya. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, inayofika shuleni ni 6,000. Gawa kwa miezi 12, ni 500 kwa mtoto. Kwa shule yako hiyo ni kama 435,000 kwa mwezi, na ndani yake kuna chaki, karatasi za mitihani, mlinzi anagombania, kitasa cha ofisi. Ndogo, najua, mimi ndiye nasaini. Lakini manila mbili hazimshindi mwalimu mkuu wako. Mwandikie, mpe risiti, zibaki kwenye kumbukumbu.

Babu_wa_Masasi

Nimesoma habari ya kidumu nikacheka peke yangu hadi bibi yenu akaja kuangalia kuna nini.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilimaliza darasa la saba nikachukuliwa ualimu kwenye ule mpango wa UPE, Elimu ya Msingi kwa Wote. Kwa vijana msiojua: Azimio la Musoma, Novemba 1974, lilisema kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Watoto wakaja wengi, walimu hawapo. Serikali ikatuchukua sisi tuliomaliza la saba, tukafundishwa ualimu huku tunafundisha. Asubuhi niko mbele ya watoto, mchana mimi mwenyewe ni mwanafunzi, nasoma masomo kwa njia ya posta na kusikiliza vipindi vya redio. Chuoni tulikaa wiki chache tu mwishoni. Watu walitucheka sana, "mwalimu wa UPE" likawa tusi. Lakini nimefundisha miaka 37, na kati ya niliowafundisha kusoma kuna daktari wa meno ambaye bado ananing'oa bure.

Nataka kusema juu ya yule aliyekuja na kalamu. Enzi zangu nilikuwa na mkufunzi wa kutembelea. Alikuja kwa baiskeli, suruali imebanwa na kibanio cha nguo. Mara ya kwanza alipoingia darasani kwangu nilitetemeka, chaki ikakatika. Akakaa nyuma, kwenye dawati la mtoto, magoti yamefika kidevuni. Akakaa somo zima. Hakuandika kitu. Somo lilikuwa baya, nilifundisha kutoa kwa kukopa na nilijichanganya mwenyewe. Kengele ilipolia hakuniambia kosa langu. Alisema, "Kesho nalala hapa kijijini. Somo hili kesho nitalifundisha mimi, wewe ukae nyuma."

Kesho yake alilifundisha kwa vijiti na kamba za magome ya mti: kumi zimefungwa kifurushi, ukitaka kukopa unafungua kifurushi. Na yeye alikosea mahali! Alihesabu kifurushi kimoja kilikuwa na vijiti tisa, watoto wakamsahihisha, akawashukuru. Nilijifunza zaidi kwa kosa lake lile kuliko masomo yote ya posta.

Baadaye nikaona vituo vya walimu vikijengwa, jambo jema, vitabu vipo, mashine ya kudurufu ipo. Nikaona pia funguo za kituo zikiwa kwa mtu mmoja anayekaa mjini. Sasa mna moduli na mtandao. Mwanangu, mimi nauliza tu: tangu 2015 umeajiriwa, ni nani ameshakaa nyuma ya darasa lako kuanzia "simameni" hadi kengele, halafu akafundisha yeye?

Mama_Chaki

Shikamoo babu. Jibu ni hakuna. Nimelihesabu usiku kucha. Wamekuja wengi, wamekaa dakika kumi, wamesaini kitabu cha wageni.

AEK_Vumbi

Naona kila mtu anamzungumzia "aliyekuja na kalamu" basi ngoja mwenye kalamu aseme. Mimi ni afisa elimu kata, mkoa mwingine.

Kwanza tutenganishe. Mthibiti ubora ni wa Wizara ya Elimu. Mimi niko TAMISEMI kupitia halmashauri. Mtaala na vitabu ni TET (Taasisi ya Elimu), mitihani ni NECTA (Baraza la Mitihani), kupanda kwako daraja na nidhamu yako ni Tume ya Utumishi wa Walimu. Mwalimu ana mabwana wengi na kila bwana ana fomu yake. Huyo mgeni wako inawezekana kabisa aliipenda habari ya kidumu moyoni. Ila fomu ina "andalio lipo/halipo", "zana zipo/hazipo". Haina kisanduku cha "mtoto kagundua kidumu kinadanganya".

Mimi nina shule 6, walimu 71. Pikipiki tuligawiwa 2018, yangu sasa inawaka kwa kusukumwa na wanafunzi, jambo ambalo nalo ni kosa. Posho ya madaraka 250,000 kwa mwezi kwangu ndimo linamotoka petroli na spea. Wiki hii nimetumiwa maombi ya takwimu matatu, mawili yanauliza kitu kile kile kwa jedwali tofauti. Na huko ofisini sasa wimbo ni vyumba vya madarasa, kwa sababu iliyo wazi: watoto walioanza la tatu 2024 watamaliza la sita 2027, na mwaka huo huo wanamaliza la saba wa mwisho wa mfumo wa zamani. Januari 2028 wote wanaingia kidato cha kwanza pamoja. Mkubwa akikupigia simu asubuhi anauliza matofali. Hajawahi kuniuliza umekaa nyuma ya darasa gani.

Babu anauliza swali zuri, lakini mkufunzi wake alilala kijijini. Mimi nikilala kijijini nitaulizwa kwa nini sikuwa kwenye kikao.

Hata hivyo sitaki kutoka humu na malalamiko matupu. Dada, hiyo Jumatano saa tisa ni yenu. Mwongozo wa MEWAKA hausemi moduli isomwe kwa sauti kama tangazo la msiba. Jumuiya ya kujifunza maana yake walimu wa shule moja wachukue tatizo lao. Chukueni somo moja lililokushinda. Mmoja alifundishe, mwingine akae nyuma, Jumatano mlizungumze. Kwenye kumbukumbu andika mada, tarehe, waliohudhuria. Mimi nikija nikakuta hivyo nafurahi na nina cha kuandika. Tena andalio liwe ndani ya kitabu unachobeba, usiliache ofisini. Hapo mgeni wako alikuwa na haki, nisamehe.

Mama_Chaki

Andalio nakubali, kosa langu. Ila bango nje chini ya mwarobaini ningelitundika wapi, kaka, kwenye tawi?

AEK_Vumbi

Kwenye tawi. Mimi ningekuandikia "mwalimu mbunifu".

Mwalimu_Kilifi

Hamjambo majirani. Niko Kenya, Kaunti ya Kilifi. Naingia kwa sababu haya ya mtaala wa umahiri mnayoyaanza sisi tumeyala tangu 2017 na bado twayatafuna.

Mimi nimesomea Biolojia na Kemia. Gredi ya 7 ilipoingia Januari 2023 niliajiriwa mwanagenzi shule ya msingi iliyopewa madarasa ya sekondari ya chini. Tulikuwa walimu wawili. Nikapewa Sayansi Jumuishi, hiyo sawa, na Kilimo, na Hisabati, na Sanaa, na michezo juu yake. Maabara ilikuwa kabati. Masomo yalikuwa 14, baadaye yakapunguzwa yakawa 9, hapo tukapumua kidogo.

Kitu kimoja nataka kukuonya, dada, kabla hujakifikia. Kazi za vitendo zikianza kupelekwa nyumbani, kazi ya mtoto inageuka kazi ya mamake. Mwaka wa kwanza niliagiza watoto watengeneze kielelezo cha mfumo wa umeng'enyaji chakula. Nikaletewa vitu vizuri ajabu, vimepakwa rangi ya dukani, na kuna mtoto akaja mikono mitupu akakaa nje ya mlango. Babake ni mgema na wiki hiyo alikuwa ameanguka mnazini. Nikajua nimepima mifuko ya wazazi, sikupima mtoto.

Tangu siku hiyo kazi ya kupimwa inafanyika shuleni, mbele yangu, kwa kitu ambacho mtoto tayari anakishika kila siku. Huku kwetu ni nazi, makuti, nyavu. Kwenu pamba ipo, mbuzi wapo. Mtoto anayechunga mbuzi anajua kuhesabu kwa makundi kuliko kitabu chako, ila hujamuuliza kwa lugha yake. Muulize kwa Kisukuma kwanza. Mimi kipindi cha kwanza cha wiki nawaachia waseme Kigiriama kwenye makundi, wakishaelewa ndipo tunavuka pamoja.

Na alama za mtihani wa shuleni usiziweke zote siku ya mwisho. Sisi twapakua zoezi kwenye tovuti ya baraza la mitihani, twachapisha kwa gharama ya shule, halafu twarudisha alama mtandaoni. Siku ya mwisho tovuti inalemewa. Nimewahi kupakia alama saa nane za usiku juu ya paa la tangi la maji, ndipo penye mtandao.

Bi_Zamu

Mwalimu wa Kilifi hilo la kazi ya nyumbani nimelinakili. Wiki iliyopita nimeletewa "gari la mabati" lililotengenezwa na fundi, na bei bado imebandikwa chini.

Mama_Chaki (wiki tano baadaye)

Nimerudi. Niliahidi kimoyomoyo kuleta marejesho.

Majina 10 kwa siku nimeyafanya. Sikumaliza kwa siku 13. Nilimaliza kwa 19, maana siku tatu tulikuwa na msiba wa kijiji na siku nyingine watoto walikwenda kuchambua pamba na wazazi wao. Nilichokipata sikukitarajia. Watoto 23 hawasomi namba ikivuka mia. Wanakopi vizuri sana, mwandiko mzuri, wana vema kwenye daftari, vema zangu mimi! Ukimwonyesha 407 anasema "arobaini na saba". Nimekaa nao mwaka mzima karibu bila kujua. Hao sasa nina dakika 20 nao baada ya uji, kwa vifurushi vya babu, vijiti na kamba za katani. Tumeanzia chini kabisa.

La kukaa nyuma. Niliogopa kumwomba mtu, nikaishia kumwomba mwalimu wa awali, yule yule wa maji ya uji. Nilifikiri atakataa. Akaja na kitabu cha wageni, akaandika jina lake, "madhumuni ya ziara: kisasi". Akakaa kipindi chote dawati la nyuma.

Jumatano akasoma alichoandika. Nimeuliza maswali 22. Maswali 17 wamejibu wale wa sakafuni na dawati mbili za mbele. Dawati tatu za nyuma hawaoni maandishi yangu kabisa, "nimejaribu mwenyewe, nina miwani na sioni." Na kila nikigeukia ubaoni upande wa dirisha wanauza karanga. Kimya kidogo ofisini, halafu mwalimu wa la saba akasema kwake nako karanga zinauzwa, tukacheka, na kwa mara ya kwanza kikao cha MEWAKA kilipita saa kumi bila mtu kutazama saa. Wiki iliyofuata mimi nilikaa nyuma kwake kule awali. Sina hamu. Watoto 94 wa miaka mitano na mwalimu mmoja, tena sauti anayo. Nilitoka nimemwomba radhi upya kuhusu ule uji.

Jumatano ya tatu haikufanyika. Ya nne mwalimu mkuu alisema moduli lazima isomwe kwa sababu ripoti inatakiwa, basi tukasoma nusu saa, ndipo tukaendelea na letu. AEK, nimefuata ushauri wako: mada, tarehe, mahudhurio.

Dawati za nyuma nimezisogeza, sasa safu zimekaa kama upinde na watoto wa nyuma wanahamia mbele kila Jumatatu badala ya wale watano peke yao. Maandishi nimeyakuza, chaki inaisha upesi, na boksi moja nimeomba kwa barua, Bi Zamu. Nimepewa nusu.

Ujazo nimerudia. Safari hii kwa mchanga. Mchanga haupikwi uji. Nusu ya darasa nje, nusu ndani na kijana wa la sita ambaye mwezi uliopita alifungia mbuzi ofisini kwetu. Amewanyamazisha kuliko mimi. Yule mtoto wa kidumu nilimpa kazi ya kuhakiki vidumu vyote 12, kipi kinadanganya na kwa kiasi gani. Alitumia chupa ya nusu lita na kijiti alichokikata alama. Alipomaliza alivipanga kuanzia mwongo mkubwa hadi mdogo, akaniita, kwa Kiswahili: "Madamu, njoo uone."

Mthibiti hajarudi. Andalio liko kwenye mkoba, na bango nimelitoboa juu nikapitisha waya wa kutundikia kwenye tawi.

Kesho ni sehemu, nusu na robo. Kitabu kinasema chungwa. Mwalimu wa awali kaniambia nikileta chungwa litakuwa limeliwa kabla sijaandika tarehe, kwa hiyo nakata kamba.